Jaribio Likikataa



Mama anayepika mkate wa kumimina hujua jambo ambalo mwanafunzi wa kemia huchukua miaka kulijua. Amesaga mchele, ametia tui, sukari, iliki na hamira, amefunika bakuli kwa kitambaa, akangoja. Saa imepita na unga haukuumuka. Mama huyo hakasiriki na unga, wala hawaambii wageni wake kuwa umeumuka. Hukaa akajiuliza: Hamira hii ilifunguliwa lini? Au tui lilikuwa la moto mno nikaiunguza? Kisha huchukua hamira kidogo akaitia katika kikombe cha maji ya uvuguvugu na sukari, akaangalia kama itatoa povu. Huyo, ndugu yangu, amefanya kazi ya maabara, ingawa hapana aliyempa cheti.

Nimeona niandike juu ya jambo hili kwa sababu watoto wetu wanaosoma sayansi katika skuli za Mjini na za mashamba hufunzwa vyema jinsi jaribio linavyofanikiwa, lakini wachache hufunzwa la kufanya siku linapokataa. Mimi nimefundisha somo hili la kemia kwa miaka mingi, na nimeona mara nyingi dawa mbili zikikutanishwa katika neli ya kioo na lisitokee lolote: hapana rangi, hapana viputo, hapana joto. Nimeona pia yale wanayoyafanya watu katika dakika ile ya kimya, na hilo ndilo lililonitia kalamu mkononi.

Somo lenyewe si geni kwetu. Jina lake limetokana na neno la Kiarabu, al-kimiya, na neno alkali limetokana na al-qali, yaani majivu ya mimea ya chumvi. Vitabu vinavyonasibishwa na Jabir bin Hayyan, wa karne ya 2 ya Hijra, vinasisitiza kazi ya mkono na kujaribu mtu mwenyewe. Wala mifano yake haiko mbali nasi. Mji Mkongwe wote umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa ni kemia tupu. Basi na tuangalie sababu zinazofanya jaribio likatae, moja baada ya moja, kwa vitu tunavyovijua.

SABABU ZA KUKATAA

Sababu ya kwanza, ambayo ndiyo nyingi zaidi, ni kwamba dawa imekwisha kufa chupani. Karatasi iliyobandikwa nje yasema hivi, na kilichomo ndani ni kingine. Haidrojeni peroksaidi hujivunja yenyewe kidogo kidogo ikawa maji na hewa ya oksijeni, na joto na mwanga huiharakisha. Ukiiweka mwaka mzima katika kabati linalopigwa na jua, utakuja kumimina maji ukidhani wamimina dawa. Hapa Unguja tumeyaona haya kwa uchungu umeme ulipokatika kwa muda wa mwezi mzima hivi mwaka 2008, kisha kwa muda wa miezi mitatu hivi kuanzia Disemba 2009. Kila kilichotegemea baridi ya friji kilikuwa hatarini, na friji ya maabara ni friji kama ya nyumbani.

Sababu ya pili ni utando. Vitu viwili vyaweza kuwa vyote vizima na venye nguvu, lakini kati yao pamesimama ukuta mwembamba usioonekana. Chukua kipande cha jiwe la matumbawe ukitie tindikali ya salfuriki. Mwanzo kitatoa viputo kwa nguvu, kisha vitapungua, kisha kimya, na jiwe bado lipo na tindikali bado ipo. Kilichotokea ni kwamba jiwe limejivika jasi, ambayo haiyeyuki kwa wepesi katika maji, na jasi hiyo imeizuia tindikali isilifikie. Ukitumia tindikali ya haidrokloriki jiwe litaendelea kuliwa hata liishe, kwa kuwa chumvi inayozaliwa hapo huyeyuka ikaondoka.

Mfano mwingine ni sufuria zetu za alumini. Ukiyeyusha mrututu katika maji ukatia kipande cha alumini, kitakaa humo kama hakikuguswa, ingawa kitabu kinasema alumini ina nguvu ya kuitoa shaba katika mrututu. Alumini imejivika ngozi nyembamba sana iliyotokana na hewa. Tia chumvi ya mezani kidogo tu, ngozi ile itatoboka, na utaona shaba nyekundu ikijitokeza na maji yakipata joto. Aliyeondoka kabla ya kutia chumvi atasema kitabu kimesema uwongo, na aliyengoja akauliza atajua zaidi ya alivyoandikiwa kitabuni.

Sababu ya tatu ni kwamba mwingine amekwisha kuichukua dawa yako. Kila mtu aliyefua nguo kwa maji ya kisima katika kisiwa hiki anajua maji yanayokataa povu. Unasugua sabuni mpaka mkono unauma, na povu halipatikani. Sabuni ile haikupotea bure. Maji yaliyopita katika mawe ya matumbawe yamebeba kalisi, na kalisi huishika sabuni ikafanya ugando wa kijivu unaoganda ukingoni mwa beseni. Povu litakuja baada ya kalisi yote kushiba. Hali kadhalika katika maabara: ukiyeyusha dawa zako kwa maji ya bomba au ya kisima badala ya maji yaliyokenekwa, umemwalika mgeni usiyemjua, na huenda akala karamu yote kabla ya mwenyewe kufika.

Sababu ya nne ni kipimo na joto. Tindikali iliyozimuliwa mno hufanya kazi polepole hata jicho lisiione. Jiwe zima huliwa upande wa nje tu, ilhali unga wa jiwe lile lile hushambuliwa kila chembe kwa wakati mmoja. Wachomaji chokaa wa kisiwani wanalijua somo hili. Hupanga magogo, huyaweka mawe ya matumbawe juu yake, huwasha tanuu, na moto huachiwa ufanye kazi yake mpaka uishe wenyewe. Jiwe linahitaji joto la kama digrii 900 za Selsiasi ili litoe hewa ya ukaa iliyomo ndani na kuwa chokaa. Jiwe kubwa mno, au moto hafifu, hutoa jiwe lililogeuka nje na bichi ndani. Ukilimwagia maji, nje litachemka na kupasuka, na kiini kitabaki kama kilivyotoka ufukweni.

Sababu ya tano inahitaji uangalifu kuliko zote: jambo limetokea, ila wewe hukuliona. Ukipitisha hewa ya ukaa katika maji safi ya chokaa, yatageuka meupe kama maziwa. Lakini ukiendelea kuipitisha kwa muda mrefu, weupe ule utayeyuka na maji yatarudi kuwa safi kama mwanzo. Mwanafunzi aliyekuwa akizungumza na mwenzake akageuka mwisho ataapa kwamba hapakutokea kitu, kumbe yamemtokea mambo mawili nyuma ya mgongo wake. Vilevile tone la aidini juu ya muhogo hutoa rangi ya buluu iliyokoza karibu na weusi, lakini ukilitia katika uji ungali wa moto sana rangi haikai. Uache upoe, na rangi itakuja yenyewe.

Na kuna yanayotokea kwa mwendo wa miezi. Chokaa iliyopakwa ukutani haishiki kwa kukauka tu. Hushika kwa kuivuta hewa ya ukaa kutoka angani na kurudi kuwa jiwe, na kwa kazi hiyo inahitaji unyevu. Ndiyo maana fundi mzuri hulinyunyizia maji lipu lake na kulikinga na jua kali. Likikaushwa kwa haraka hubaki unga unaotoka kwa ukucha. Mwenye haraka huona kwamba chokaa haifai, akaleta saruji, na saruji ikaufungia unyevu ndani ya ukuta wa mawe uliozoea kupumua.

Sababu ya sita ni kwamba kweli hapana mmenyuko. Pete ya dhahabu ikae katika maji ya ndimu mpaka kesho, haitabadilika. Hilo nalo ni jibu, tena jibu lenye faida. Lakini hata hapa yafaa mtu awe na adabu. Mwaka 1895 Henri Moissan wa Ufaransa, aliyekuwa bingwa wa florini, dawa kali kupita zote, alijaribu kuiunganisha na hewa ya agoni, na hakufanikiwa. Vitabu vikaandika kwamba hewa za jamii hiyo hazichanganyiki na chochote. Mwaka 1962 Neil Bartlett, katika chuo kikuu kimoja cha Kanada, akaipata zenoni, ndugu wa agoni, ikiungana na dawa nyingine. Moissan hakudanganya. Alisema alichokiona kwa vitu alivyokuwa navyo, na kwa kuwa alisema kweli, waliokuja baadaye walijua pa kuanzia.

KISA CHA MSICHANA MMOJA

Sasa ndugu msomaji, nakusimulia kisa kilichonifanya nione kwamba jambo hili limepita mipaka ya maabara. Miaka michache iliyopita alinijia binti wa jirani yangu, akisoma kidato cha tatu katika skuli moja hapa kisiwani. Alikuwa ameshika daftari lake, na macho yake yalionesha kuwa amelia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

Akanieleza. Darasa liliambiwa lipulize pumzi kwa mrija ndani ya maji ya chokaa. Kitabu kinasema maji yatageuka meupe. Maji yao hayakugeuka. Wenzake wote, zaidi ya arubaini, waliandika kwamba yamekuwa meupe kama maziwa. Yeye akaandika: "Nimepuliza dakika tano. Maji hayakubadilika." Akakatwa alama, na akaambiwa arekebishe daftari kabla ya Jumatatu.

"Mwalimu," akaniuliza, "nikiandika nilichokiona nakosa, nikiandika nisichokiona napata. Niandike lipi?"

Nikamwambia kwanza tujue kwa nini, kisha ataandika. Nilikuwa na chokaa kidogo ya kupakia kuta, ile iliyokwisha kuzimwa kwa maji. Tulitia vijiko viwili katika chupa, tukaijaza maji baridi, tukatikisa, tukaifunga vizuri na kuiacha mpaka asubuhi. Hatukuyachemsha maji, maana chokaa ina tabia ya kuyeyuka kidogo zaidi katika maji baridi kuliko ya moto. Asubuhi tukayamimina polepole yale maji safi ya juu. Naye alikuwa ameomba skuli kwa mtunza maabara maji kidogo ya ile chupa yao. Tukaweka gilasi mbili mezani, akapuliza kwa mrija katika kila moja, kwa uangalifu asiyavute mdomoni. Gilasi yetu ikawa nyeupe mbele ya macho yake. Ya skuli ikabaki safi.

Nikamuuliza, "Chupa ya skuli ina kifuniko?"

Akafikiri, akasema, "Haina, Mwalimu. Imezibwa kwa karatasi. Na shingoni mwake pana ukoko mweupe."

Hapo alijijibu mwenyewe. Ule ukoko ndio weupe walioutafuta darasa zima. Hewa ya chumbani ilikuwa imepita katika karatasi siku hata siku, ikaichukua chokaa yote iliyokuwa katika maji, ikaigeuza kuwa chaki. Jaribio lilikuwa limekwisha kufanyika ndani ya chupa kabla wao hawajaingia darasani. Waliyoyapuliza yalikuwa maji matupu.

Jumatatu alipeleka daftari lake bila kufuta kitu. Chini ya yale maneno yake aliongeza mistari mitatu akaeleza habari ya chupa, ya ukoko na ya gilasi mbili. Mwalimu wake aliisoma, akaenda kuitazama chupa, akatengeneza maji mapya na kuwarudishia wote jaribio. Namsifu kwa hilo. Tusimlaumu sana kwa yale ya mwanzo pia, kwani mtu mmoja mwenye wanafunzi zaidi ya arubaini, chupa moja, na mtihani wa taifa ukimkaribia, huona njia fupi ndiyo njia. Zile alama hazikurudishwa, na msichana hakuzidai.

UZITO WA JAMBO HILI

Huenda ukasema: Maji ya chokaa yageuke au yasigeuke, pana dhara gani? Nakuomba ufikiri nami kidogo. Wale arubaini hawakuwa watoto wabaya. Walifunzwa, bila ya mtu kukusudia, kwamba maabara ni mahali pa kuandika kile mkubwa anachotaka kukisoma. Na watoto hao ndio watakaokuwa kesho wauguzi, wapimaji wa maji, mafundi wa majengo na watu wa maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, wanaotia saini kwamba chakula hiki hakina sumu na dawa hii ni dawa kweli.

Kumbuka kipindupindu kilivyotusumbua Unguja na Pemba mwaka 2015 na 2016. Maji yalitiwa klorini ili watu wasife. Klorini nayo hufa chupani. Joto, jua na siku nyingi huipunguza nguvu, ikabaki harufu tu. Mtu aliyezoea kuandika "yametiwa dawa" pasi na kupima, amewapa watu maji yale yale ya jana kwa jina jipya. Na kupima kwenyewe kunataka akili. Dawa ya kupimia inayotumika sana hugeuza maji kuwa ya waridi ikiwa klorini imo, lakini klorini ikizidi mno huifuta rangi ile ile, maji yakaonekana safi kama hayana kitu. Asiyejua sababu ya tano tuliyoitaja ataongeza klorini juu ya klorini. Anayejua atayazimua maji yale kwa maji mengine safi, apime tena.

Waona basi, ndugu msomaji, kwamba mwenye kuangalia neli ya kioo ni shahidi. Wengine hawakuwapo na wanalitegemea neno lake. Ushahidi wa uwongo tunaujua ulivyo mzito mbele ya kadhi, na haupungui uzito kwa kuwa umeandikwa kwa penseli katika daftari la skuli.

NASAHA

Kwako mwanafunzi: jaribio likikataa, usiifute karatasi wala usimtazame jirani. Andika ulichokiona, saa uliyokiona, na chupa uliyoitumia. Kisha uliza kwa taratibu. Dawa hii ni nzima? Ijaribu kwa kitu ambacho una hakika kitaitikia. Vyombo vilikuwa safi? Pana utando? Maji yalikuwa gani? Joto lilitosha? Nimengoja vya kutosha, au nimechelewa kuangalia? Badilisha jambo moja tu kila mara, maana ukibadilisha matatu pamoja na jaribio likakubali, hutajua ni lipi lililokuwa na kosa. Wala usiongeze dawa kwa hasira ili utikise jambo. Wengi wameungua mikono na macho kwa kuongeza pale walipotakiwa kungoja.

Kwako mwalimu mwenzangu: ifungue chupa wewe kabla ya kipindi, ufanye jaribio peke yako, na uandike juu ya kila chupa tarehe iliyofunguliwa. Likikataa mbele ya darasa, usione haya. Hiyo ni bahati ya kipindi kizuri. Na mtoto aliyeandika "sikuona kitu" akaeleza sababu, mpe alama zake.

Kwako mzazi: mwanao akirudi nyumbani akakwambia jaribio lao leo halikufanikiwa, usimwambie, "Basi mmepoteza siku." Mwambie akae, mtengee chai, umuulize, "Mlidhani ni kwa nini?" Akinyamaza, mpeleke jikoni umuoneshe ile hamira katika kikombe cha maji ya uvuguvugu. Umwache aangalie mwenyewe kama itatoa povu, kisha akwambie alichokiona.